Fundi Aliyeuza Chini ya Shamba Lake

Ukimwita akiwa kisimani hakuitika. Ungeweza kupaza sauti mpaka koo likauke, ukamwambia nyumba inaungua, mgeni amefika, chakula kinapoa, asingejibu. Kilichomtoa ni kamba tu. Uivute mara tatu, naye apande ngazi polepole, atokeze kichwa cheupe kwa vumbi, aketi ukingoni, afute macho, ndipo aseme, "Naam. Ulikuwa unasema?" Alidai kwamba sauti ya mtu ikishuka kisimani hubadilika njiani, na mtu mzima haitikii sauti ambayo hamjui mwenyewe.

Sisi tulimwita Fundi, na kwa kuwa mafundi ni wengi, wageni walielezwa: Fundi wa visima. Jina lake silitaji. Yuko mtu mmoja ambaye sipendi alisome hapa.

Kuanzia Tiwi hadi Msambweni ilikuwa shida kupata kijiji ambacho hakikunywa maji yake. Alikuwa mfupi, mkavu, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa ajili ya sururu. Kabla ya kuchimba alizunguka kiwanja miguu mitupu asubuhi, umande haujakauka, akachota udongo kidogo akauweka kwenye ulimi, akatema, akaenda kuchota kwingine. Alikuwa akitafuta chumvi. Akikataa mahali hakueleza. "Hapa hapana," basi, na mwenye kiwanja akitaka kubishana alibishana na mgongo wake.

Watu walipenda kumtania kwa ile methali, mchimba kisima huingia mwenyewe. Aliisikia, nadhani, kila wiki ya maisha yake. Jibu lake lilikuwa moja: "Na hutoka mwenyewe. Ngazi ni yangu."

Mtu mmoja wa Tiwi aliwahi kumchimbisha siku kumi na moja katika mwamba wa matumbawe. Siku ya kumi na mbili maji yakatoka, Fundi akayaonja, yana chumvi. Yule mtu akasema hapana neno, yatawafaa mbuzi. Fundi hakuchukua hata senti. Akarudisha shimoni mawe yote na mchanga wote, siku tatu, peke yake, huku mwenye shamba akimsihi amwachie shimo lake. "Nilikuahidi maji ya kunywa," akamwambia. "Hili sikuliahidi." Kijijini tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa nimesoma kidogo, na niliona ukali wa namna ile ni upungufu wa elimu.

Lakini asidhaniwe kuwa alikuwa walii. Katika mambo madogo alikuwa mwongo wa kutupwa. Umri wake ulipanda na kushuka kulingana na anayeuliza. Kwenye bao aliiba kete mchana kweupe, na ukimshika mkono alikuangalia kwa huruma, kana kwamba wewe ndiye uliyeumbuka. Aliwahadithia wageni kwamba siku ya uhuru alikuwa chini ya kisima huko Diani, futi arobaini, na kwamba alipopanda juu alikuta serikali nyingine. Uongo mtupu. Siku ile tulikuwa naye Kwale, tumesimama juani tangu asubuhi, na pilau aliyokula naweza kuiapia. Nilipomkumbusha hakuona haya. "Karani," akasema, "ya kwangu ndiyo tamu."

Karani ni mimi. Miaka ile nilikuwa karani wa mizani ya miwa huko Ramisi, na nyumba yetu ilipakana na shamba lake. Kwa kuwa nilijua kuandika, kijiji kizima kiliniletea barua zake nizisome, nami nilizisoma.

Jambo lingine la ajabu kwake ni kwamba mtu yule aliyeshuka kila siku mahali ambapo wengine tulichungulia tu, aliogopa kupanda juu. Hata dari hakupanda. Siku ya kuangua nazi alimwita mkwezi, kisha yeye akageuka, akatazama barabarani mpaka nazi ya mwisho ianguke. Mkewe alimcheka kwa hilo kwa miaka yote. Mkewe alikuwa mtu wa kisiwa cha Funzi, ameolewa angali msichana mdogo, na alikuwa na ulimi ambao Fundi aliuogopa kidogo na kuupenda sana. "Mume wangu," alikuwa akisema, "ni mtu wa chini. Ukimtafuta juu utapoteza siku."

Nikisema aliita mkwezi kuangua nazi, lazima nieleze nazi za nani. Kwetu mnazi una mwenyewe na udongo una mwenyewe, wala si lazima wawe mtu mmoja. Babangu alikuwa na minazi minne ndani ya shamba la Fundi. Tuliingia kuangua bila kubisha hodi, na Fundi alilima muhogo chini ya minazi yetu bila kutuuliza. Mtu aliweza kuuza ardhi akabakisha minazi, au akauza minazi akabakisha ardhi, na mnunuzi na mwuzaji wakaendelea kuamkiana kila asubuhi kwenye kijia kimoja. Nilikua nikidhani dunia nzima iko hivyo. Fundi naye alidhani hivyo, na sikuona sababu ya kumdhania mjinga kwa jambo ambalo hata mimi nilikuwa nalo.

Shamba lenyewe alilirithi kwa mjomba wake, kwa ile mila yetu ya kale ya mpwa kumrithi mjomba, kabla masheikh hawajatukumbusha sana haki ya watoto. Mjomba huyo amezikwa humo, nyuma ya jiko, na mamake Fundi kando yake. Makaburi mawili, mawe ya matumbawe kichwani na miguuni. Mkewe aliyafagia kila Alhamisi. Alisema mama mkwe huyo ndiye aliyemfundisha kila kitu isipokuwa kunyamaza, na kwamba siku yake ikifika alazwe hapo ubavuni kwake, wakaendelee na mazungumzo.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza walipita watu wa mafuta. Walikuja na malori na nyaya, wakatoboa vijishimo vyembamba ardhini, wakatia baruti, wakalipua, wakakaa kusikiliza. Fundi alikwenda kuwatazama kila siku. Alirudi ametikisika, hakuwa ametukanwa na mtu, ila alikuwa ameona watu wanaouliza mambo ya chini bila kushuka. Baada ya miezi michache waliondoka, na sisi tukasahau.

Kisha, mwaka mmoja hivi kabla ya bendera kubadilishwa, akaja dalali kutoka Mombasa. Suruali ya kaki, tai, saa ya mkono aliyoitazama mno. Hakusema ametumwa na nani, wala hatukumuuliza. Alikuwa na karatasi za Kiingereza zilizokwisha pigwa chapa, zimeachwa nafasi za majina. Fundi aliniita barazani kwake nizisome.

"Mzee," dalali akasema, "nyumba ni yako, shamba ni lako, minazi ni ya wenyewe. Sitaki hata kimoja. Nataka vilivyo chini tu. Mafuta, gesi, madini."

"Na maji?" Fundi akauliza.

"Maji yako juu au chini?"

"Yako chini."

"Basi na maji."

Nilidhani atasimama hapo hapo amwonyeshe njia. Hakusimama. Binti yake, mtoto wao mmoja tu, alikuwa amefaulu kwenda shule ya bweni Mombasa, na baba hakuwa na cha kumpeleka. Kuuza shamba la mjomba asingeweza. Minazi mingi humo haikuwa yake. Na sasa mtu amekuja kumwambia kwamba ana mali ya tatu ambayo hakuwahi kuihesabu. Mnazi una mwenyewe, udongo una mwenyewe, kwa nini chini ya udongo kusiwe na mwenyewe? Nilimwona usoni akilipata hilo, na nilimwona akifurahi.

"Uhuru unakuja, mzee wangu," dalali akasema. "Nani ajuaye wakubwa wapya watasemaje? Anayeuza leo ndiye anayeuza."

"Chini inaanzia wapi?"

Dalali akacheka. Alipoona Fundi hacheki akasema, "Pale jembe linapoishia."

Fundi akaingia ndani, akatoka na jembe, akalipiga ardhini mbele ya miguu yetu, akaweka kidole mahali udongo ulipofikia. "Hapa?"

"Hapo hapo," dalali akasema, akiangalia saa yake.

"Kuna makaburi. Nayo yamepita jembe."

"Bwana karani, muandikie hayo makaburi pembeni tumalize."

"Yako mangapi?" nikauliza, nami nayajua kama ninavyojua vidole vyangu.

"Mawili."

Nikaandika pembeni kwa mkono wangu: isipokuwa makaburi mawili yaliyopo. Nilijivunia mwandiko ule. Karatasi nyingine zote nilizitafsiri kwa Kiingereza changu cha mizani, na pale nisipoelewa nilipita kwa sauti ya mtu anayeelewa. Fundi akaniuliza, "Karani, ni haki?" Nikasema ni haki. Akatia kidole gumba. Binti akaenda shule.

Tangu siku ya pili yake tuliona kwamba yule mtu wa kete za wizi hakuwa na mchezo na jambo hili. Alikifunika kisima cha nyumbani kwake kwa mbao, akapanga mawe juu. Kisima kizuri, maji baridi matamu, alichokichimba mwenyewe mwaka aliooa. Mkewe akaanza kwenda kuteka kwetu, kwenye kisima ambacho pia ni cha mkono wa Fundi, ndoo kichwani asubuhi na jioni. Choo kilipojaa hakuchimba kingine. Aliomba kwa jirani wa upande wa pili, akachimba huko, na wakawa wanavuka kijia kwenda haja. Muhogo aliupanda kwa kulaza kijiti karibu na uso wa ardhi ili mizizi itambae isishuke, akauvuna ungali mchanga.

"Juzi nimetwanga mahindi kwa nguvu," mkewe aliniambia, nami nikimtekea maji. "Nikamuuliza, mume wangu, huu mchi nao haujaingia katika mali ya watu?"

"Akasemaje?"

"Akaja akaangalia."

Tulicheka mpaka ndoo ikamwagika. Sikumbuki kumwonea huruma siku ile. Alikuwa mwanamke wa kuchekesha, na mtu wa kuchekesha humhesabii ndoo anazobeba.

Dalali hakurudi tena. Hakuna lori lililokuja, hakuna waya, hakuna barua. Mara moja nilimwambia Fundi, "Hawa watu hawaji. Fungua kisima chako bwana, mama anachoka."

"Kutokuja kwao ni juu yao," akasema. "Kuuza kwangu ni juu yangu."

"Nani atajua?"

Aliniangalia jinsi alivyokuwa akimwangalia mtu anayetaka kisima mahali penye chumvi. Sikumuuliza tena.

Na kazi yake haikupungua. Katika mashamba ya watu aliendelea kuchimba, na hata makaburi, maana kwetu kila mtu huzikwa shambani kwao, alichimba yeye, bila malipo, kwa vipimo safi kuliko vya mtu yeyote. Ilikuwa kwake tu ambapo jembe lilikuwa na mwisho.

Miaka miwili hivi baada ya uhuru nilipata kazi katika ofisi ya ardhi Kwale. Kazi yenyewe ilikuwa kunakili. Siku moja bwana mkubwa wetu alikuwa akimweleza mtu mmoja aliyekuja na dai la mawe ya thamani shambani mwake, nami niko mezani kwangu nyuma yao. Akamwambia kwamba mafuta, gesi na madini yaliyo ardhini ni ya serikali. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Mwingereza na ndivyo ilivyo sasa. Mwenye shamba hana cha kuuza humo. Yule mtu akauliza, na akiwa amekwisha kuuza? Bwana mkubwa akasema, "Basi ameuza hewa, na mwenzake amenunua hewa." Yule mtu akauliza kwa dhihaka, na kisima je, na kaburi? Bwana mkubwa akacheka, akasema kuchimba kisima na kuzika wafu hakuna anayemzuia mtu kwake. Wakacheka wote wawili. Nami nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimekaa nao.

Nikaendelea kunakili. Nakumbuka nilimaliza ukurasa ule bila kosa.

Nilijiambia nitamweleza Ijumaa, baada ya swala. Ijumaa ikafika, tukaswali, tukapeana mikono, akaniuliza habari za Kwale, nikasema njema. Ijumaa ya pili palikuwa na watu wengi. Ya tatu sikwenda. Mtu akiniuliza leo kwa nini sikusema, sina jibu zuri. Ni mimi niliyesoma. Ni mimi niliyesema ni haki. Kumwambia ilikuwa ni kumwambia kwamba sikujua nilichosoma, na kijiji kizima kilikuwa kikiniletea barua. Baada ya mwaka mmoja jambo lenyewe likawa halina makali, likakaa ndani yangu kama mguu uliokufa ganzi, nikawa natembea nalo. Mkewe alipopita na ndoo niliamka kumsaidia kuiweka kichwani. Nilidhani hilo latosha.

Kisha mkewe akaugua, tumbo, wiki tatu, akafariki siku ya Jumatano asubuhi.

Binti alikuja akiwa amevaa sare zake, maana alikuwa amekwisha anza kujifunza uuguzi. Alimkuta babake ukumbini na wanaume, nami nikiwamo, na sheikh, na shemeji yake Fundi aliyevuka kutoka Funzi kumchukua dada yake akazikwe kwao. Hakukaa. Alisimama mlangoni, na msichana yule ambaye hatukuwahi kumsikia akimpandishia babake sauti, akasema mbele yetu sote:

"Baba, mama alitaka azikwe hapa. Pale nyuma ya jiko, na bibi."

"Najua, mwanangu."

"Basi?"

"Pale si petu."

"Ni petu! Bibi si yuko pale?"

"Bibi yako alitangulia. Yaliyoandikwa ni mawili."

"Baba, nakusihi. Kwa Mungu nakusihi. Huko Funzi hakuna anayemjua tena. Nani atamfagilia?"

Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama mkeka. Sheikh akatuzungusha macho mmoja mmoja, kuona kama yuko mwenye neno. Lilikuwa neno dogo, lingeisha kabla sheikh hajakohoa. Macho yake yalipofika kwangu niliangalia kando, na yakapita. Sikuhisi kitu. Watu husema moyo ulimdunda, jasho lilimtoka. Mimi sikutoka jasho. Nilikuwa nafikiri kama viatu vyangu niliviacha upande wa kulia wa mlango au wa kushoto.

Binti alisema, "Haya, baba," akaingia ndani kwa wanawake, na baada ya hapo hakusema naye mpaka arubaini ilipopita.

Kesho yake tulimpeleka kwa lori mpaka Bodo, tukavuka naye kwa mashua, jua la saa tano likiwa kichwani. Vijana wa Funzi walikuwa wameanza kaburi, Fundi akawaomba sepetu. Alishuka mwenyewe, akachimba mpaka mwisho, akaweka sawasawa mwanandani, ule ubavu wa kumlaza maiti. Ardhi ya kule ni mchanga, ilibidi izuiwe kwa mbao. Alipofika kina alichotaka nilimwona akichota udongo kwa vidole viwili na kuutia kinywani. Sidhani alijua anafanya hivyo. Akainua uso, akaniona ukingoni, akasema, kama fundi anavyomwambia mwenye kiwanja, "Una chumvi."

Kisha akatoka, akampokea mkewe.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Alianza kuzeeka kwa haraka, bega lile likashuka zaidi, na kazi za mbali akazikataa. Kwenye bao aliacha kuiba, na mchezo ukawa haunogi. Tulipomshinda hakuna aliyefurahi.

Nilimwendea mara ya mwisho ya maana kwa sababu ya kamati. Serikali ilikuwa imeanza kupima mashamba yetu ili kila mtu apewe hati yake, na kamati ya wazee pamoja na wapimaji ingekaa kijijini kwetu siku ya pili yake. Fundi alikuwa amewatangazia wote atakachosema mbele yao: waandike kwamba juu ni kwake na chini ameuza, ili watu wasije wakadanganyika siku za mbele. Bwana mkubwa wangu ndiye angekuwa mezani. Nilikijua kicheko chake. Na binti angekuwapo, kwani alikuwa amepewa ruhusa aje kushuhudia mipaka, maana shamba ndilo urithi wake. Angesikia yote hadharani, kutoka kinywani mwa mtu asiyemjua mamake.

Nikaenda alasiri. Nilimkuta barazani anakaza mpini wa sururu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, karani. Habari za Kwale?"

Safari hii sikusema njema. Nilimwambia yote, nimesimama, bila kuketi: kwamba vya chini ni vya serikali, havikuwa vyake hata siku moja, kwamba ile karatasi haina nguvu, kwamba kisima na kaburi hakuna aliyemkataza. Nilisema pia kwamba kesho asiseme chochote juu ya chini, watamcheka. Nilisema upesi na kwa mpango, kwani maneno yalikuwa yamekaa tayari muda mrefu.

Aliweka sururu chini.

"Wewe umejua lini?"

Ningeweza kusema jana. Angeniamini.

"Miaka minne," nikasema.

Hakuhesabu kwa vidole. Aliangalia tu upande wa jiko, akakaa akiangalia.

"Kabla mama wa binti yangu hajafa."

"Kabla."

"Ulikuwapo ukumbini."

"Nilikuwapo."

Nilingoja anipige. Nasema kweli, nilitamani anipige na ile sururu, maana nilidhani hapo angalau ningesikia kitu. Nilimwambia nisamehe, na neno lilitoka kavu, mimi mwenyewe nisingelinunua. Yeye alikuwa hata hanisikilizi. Alikuwa anapiga hesabu nyingine, na ilichukua muda, na kuku waliingia barazani wakatoka.

"Binti yangu anakuja leo na basi la saa kumi na moja," akasema. "Hujui kitu. Unanisikia?"

"Fundi, ni haki yake kujua. Tunaweza hata kuomba ruhusa, mama arudishwe..."

"Ajue nini? Kwamba mamake alipelekwa kule bure? Ananipikia siku hizi. Ameanza kucheka. Nikimwambia bure, atakula na nani?" Alisimama, akanikaribia, na ile mikono yake ikanishika kanzu kifuani, si kwa nguvu. "Kesho nitaonyesha mipaka na nitanyamaza. Kisima kitakaa kimefungwa. Na siku yangu ikifika, atataka nilale hapa. Atasema baba ni mtu wa hapa, mama yake mzazi yuko hapa, mjomba wake yuko hapa. Wewe utasema hapana."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeisoma. Utasimama mbele ya watu useme imeandikwa makaburi mawili. Hataniuliza tena kwa nini, kwa kuwa sheria itakuwa ile ile kwangu na kwa mamake."

"Fundi, siwezi kusema hilo."

"Utaweza. Kunyamaza uliweza."

Akaniachia, akaokota sururu, akaendelea kukaza mpini. Nikamwambia nitasema.

Alifariki miaka mitatu baadaye, mwezi wa mvua. Binti yake alisimama mlangoni pale pale, akawaambia wanaume kwamba babake atazikwa nyuma ya jiko na hataki kusikia neno. Nikasimama. Nikasema imeandikwa makaburi mawili.